Musala Wangu Uko Luena

Mmeniuliza sana, na kila mmoja wenu nimemjibu nusu. Aliyenikuta kisimani nilimwambia treni ilichelewa. Aliyenikuta sokoni nilimwambia Luena kuna vumbi jeusi. Mama Eyenga, ambaye ndiye chanzo cha yote haya, nilimwambia nitakwenda kuongea naye nikipoa, na bado sijapoa sawasawa. Basi leo mvua inanyesha, binti yangu yuko shule, nimekaa nawaandikia wote mara moja ili mniache. Habari za tiketi na karatasi za ruhusa siziandiki. Mnazijua, na zinanipandisha hasira.

Mnanijua pia. Nimezaliwa hapa base, kambi ya jeshi ya Kamina, baba yangu askari aliyeletwa kutoka mkoa wa Équateur, nyumbani tukisema Kilingala, Kiswahili nikakiokota nje kwa watoto wa mji. Na kazi zangu mnazijua, kwa maana mmezicheka zote. Nimefua nguo za mke wa ofisa mpaka ofisa akahamishwa. Nimeuza maandazi stesheni mpaka unga ukakosekana mji mzima. Nimeshika darasa la watoto wadogo wakati mwalimu wao amejifungua, nikaanza kuwapenda, mwalimu akarudi. Nimeshona vifungo kwa fundi wa nguo mpaka fundi akaoa fundi mwenzake. Kila kibarua changu kimeota nyasi, na mimi huwa wa mwisho kuambiwa.

Kazi moja tu niliipenda: meza ya Mama Zaina sokoni. Mama Zaina ni Mwislamu wa Maniema, mtu wa vitambaa na sabuni. Wateja wakipungua alinipa majani ya ukindu, akanifundisha kusuka ukili, yaani ule utepe mrefu ambao baadaye hushonwa ukazungushwa ukawa mkeka. Mimi ni mtu wa wasiwasi, roho yangu iko juu juu tangu utoto, lakini nikishika ukindu wasiwasi wote hushukia vidoleni na kubaki huko. Kisha mume wake akapata duka Luena, wakahama na mizigo yote, pamoja na ukili wangu uliozungushwa kama kamba ya kisima.

Ndipo nikaingia kwenye mashine ya kusaga ya tajiri yule nisiyemtaja. Hata ninyi mlipita pale mkaona. Kila asubuhi tunapanga mstari mlangoni, yeye anatoka na kikombe chake cha chai na kunyoosha kidole: weye, weye, weye, na weye apana. Aliyeachwa anarudi nyumbani. Kidole kile nilikiota.

Sasa Mama Eyenga, jirani yangu, mke wa askari kama mnavyomjua, akaenda Luena kuuza makayabu, samaki wa chumvi. Aliporudi hakutua hata beseni. Akasimama mlangoni kwangu akasema kwa lugha yetu: "Bolumbu, Mama Zaina alobi mosala na yo esili kobongama, ezali kuna epai na ye."

Mosala! Kazi! Kazi yako imeshatengenezwa, iko kule kwake. Nilimkumbatia mpaka makayabu yakamwagika. Kesho yake nikaenda kwenye mstari makusudi, kidole kikanifikia, kikasema na weye apana. Nikamwambia: "Apana leo, apana kesho. Kamata kile kidole yako uweke mu mufuko." Watu walicheka mpaka wanawake wa mwisho wa mstari wakauliza kuna nini. Mimi nilicheka kuliko wote.

Stesheni ya Kamina

Treni ilikuwa inakuja kesho. Kesho ilipofika, treni ilikuwa inakuja kesho. Binti yangu nilikuwa nimemwacha kwa mama, sikutaka kurudi base kuaga mara ya pili, watu wangesema safari imenishinda kabla ya kuanza. Basi nikakaa pale sakafuni pamoja na wasafiri wenzangu, mabata yao, magunia yao ya mihogo, na mlango.

Nasema mlango kweli. Mlango wa mbao, mzito, umepakwa rangi ya kijani, na kitasa chake. Umelazwa chini kando ya ukuta na mwanamke wa Kiluba ameketi juu yake, miguu ameinyoosha, anakula karanga. Nilipita mara kadhaa nikiutazama, mwisho nikashindwa.

"Mama, hii mulango iko ya nani?"

"Ya minyi." Akajigonga kifua.

"Na nyumba?"

"Nyumba balibaki nayo bandugu ya bwana yangu." Akanisogezea karanga. "Bwana alikufa, bakakuya bote. Balikamata kitanda, balikamata masufuria, balikamata mpaka kinga yake, ile baiskeli. Banasema, weye rudia kwenu. Nikasema, sawa, lakini mulango hii njo bwana alinipatia minyi, alisema Ngoie, hii ni ya weye. Nikaitosha kwa ukuta, nikabeba. Sasa bakae na nyumba haina mulango, tutamona kama batalala."

Huyo ndiye Mama Ngoie. Alikuwa anarudi Luena kwa kaka yake. Nyumba hakuwa nayo, lakini alikuwa na mlango, na aliuzungumzia kama mtu anayekwenda kujenga kesho. Nikampenda papo hapo.

"Na weye," akauliza, "unaenda kufanya nini Luena?"

"Kazi inaningojea."

"Eyo vidye! Kazi gani?"

Nikafungua mdomo. Ndugu zangu, karanga ilinikwama kooni. Sikuwa nimeuliza. Katika ile furaha, na makayabu chini, na kumbatio, sikumuuliza Mama Eyenga kazi ni ya nini. Nikajibu, "Kazi ya muzuri," na Mama Ngoie akanitazama kidogo, akarudi kwenye karanga zake.

Kuanzia hapo sikulala vizuri tena.

Porini kabla ya Bukama

Treni ilikuja, tukasukumana, mlango ukapita dirishani kwa mikono ya watu wasiojuana, na kila aliyeushika alikuwa na ushauri wake. Tukaenda vizuri mpaka tukaanza kusifu. Kosa hilo. Porini, mahali pasipo na jina ninalolijua, kichwa cha treni kikafa.

Mwanzoni watu walibaki ndani. Kisha wakashuka. Kisha wakawasha moto, na mtu akiwasha moto kando ya reli ujue amekata tamaa ya kuondoka. Wanawake wa kijiji cha jirani walitokea majanini na vibuyu vya munkoyo, kinywaji cha mahindi, wakatuuzia kama watu walioambiwa tutafika saa ile. Mama Ngoie alipika bukari, ugali wa kwetu, kwa sufuria ya kuazima, mboga ni ndakala, wale samaki wadogo wakavu, na pilipili ya kutoa machozi. Tulikula wengi kwa sahani moja na hakuna aliyeuliza mwenzake kabila.

Halafu ikaja mvua. Tukausimamisha mlango kwa magogo, tukauegemeza kwenye tuta la reli, tukaingia chini yake kama vifaranga. Na kwa kuwa hatukuwa na kazi nyingine, wakaanza kuizungumza kazi yangu.

"Labda iko ya mu mine ya makaa," akasema baba mmoja aliyekuwa na bata mapajani.

"Mine ya Luena ilisha kuzeeka," akajibu mwingine. "Bababa yenyewe banalima mihogo sasa. Banatia mwanamuke ya nini?"

"Basi mu dispensaire. Kusafisha."

"Ao kwa masista."

"Ule mama anakuita, yeye anafanya nini?" akauliza Mama Ngoie.

"Anauzisha. Iko na duka."

"Njo kuuzisha! Unajisumbua bure."

Wote wakakubali kwamba ni kuuza dukani, wakaniombea, wakahamia kwenye habari nyingine. Mimi nilibaki palepale. Kama ni kuuza, ni lini Mama Zaina amepata mali ya kuhitaji mtu? Kama si kuuza, ni nini? Na kama tayari wamechoka kuningoja, wakamweka mwingine? Kazi haimngojei mtu aliyekwama porini. Nilimwona huyo mwingine kabisa, mnene, msafi, amekaa kwenye kiti changu, na nilimchukia. Maji ya mvua yalinitiririka mgongoni kupitia tundu la kitasa. Nilitaka kulia, nikaona aibu mbele ya mwanamke aliyepoteza nyumba.

Bukama

Kichwa kingine kilikuja kutuvuta, tukaingia Bukama tumechafuka, na pale askari wakapanda kukagua mizigo. Gunia hili lina nini, bata huyu ana karatasi, mnajua wenyewe. Wakafika kwenye mlango.

"Hii ni mulango ya leta, ya serikali," akasema mmoja. "Imeibiwa."

Mama Ngoie aliulalia. Kweli, alijilaza juu ya mlango kifudifudi, mikono ameinyoosha, akawa anasema kwa Kiluba maneno ambayo hayakuhitaji mkalimani. Askari akamshika mguu. Hapo mdomo wangu ukafunguka kabla yangu, na lugha iliyotoka ni ya nyumbani.

"Yaya, tika mama na porte na ye. Nazali mwana ya soda, nabotami na base ya Kamina."

Nilimwambia kaka, mwache mama na mlango wake, mimi ni mtoto wa askari, nimezaliwa base. Askari akageuka, uso wote umebadilika. Akaniuliza baba yangu ni nani, kikosi gani, akacheka, akaniita dada mdogo, akawaambia wenzake twende. Wakaruka mlango kwa adabu kama watu wanaoruka mgonjwa.

Nikamgeukia Mama Ngoie nikitegemea asante. Alikuwa ameketi, anakusanya vitu vyake. Yule baba wa bata alisogeza bata upande wa pili. Ndipo nikaelewa: kwao Kilingala ni lugha ya askari, ya mtu anayekuja kuchukua. Walikuwa wamekula na mimi sahani moja, na sasa walikuwa wanakumbuka kila walichokisema mbele yangu.

"Kumbe weye njo wa kwabo," akasema Mama Ngoie bila kunitazama.

Nilishuka nikanunua samaki wa kukaanga pale stesheni, mnono, mzuri, Bukama kwa samaki hawana mpinzani. Nikamla peke yangu nimesimama, na sikusikia ladha. Niliwaza: huku siwi wa mji, kule siwi wa kambi. Na kazi yenyewe siijui.

Tulikuwa tumeshavuka daraja la Lualaba, maji mapana chini yetu, wakati Mama Ngoie alipoligonga bega langu kwa kitonge cha bukari.

"Kamata. Minyi niliogopa ile luga. Weye siwezi kukuogopa, unakoromaka sana."

Baba wa bata akacheka, wengine wakafuata. Nilikipokea kile kitonge, nikageukia dirisha nijifanye naangalia mto.

Luena

Tulipofika, kaka yake Mama Ngoie alikuwa stesheni. Aliutazama mlango, akamtazama dada yake, akaubeba kichwani bila swali hata moja. Tukaagana. Nikanawa uso, nikafunga kitambaa safi kichwani, kile cha kanisani, maana mtu haendi kuanza kazi kama kuku aliyenyeshewa. Nikaulizia kwa Mama Zaina, Mwislamu wa vitambaa. Wakanionyesha.

Alikuwa uani anachambua maharage. Akaruka.

"Bolumbu! Mwanangu! Karibu, karibu!" Akanishika mikono yote miwili, akaniangalia juu mpaka chini. "Kwani umekuja kufanya nini huku? Nyumbani kuko salama?"

Mtu aliyekuitia kazi hakuulizi umekuja kufanya nini. Lakini kwa Mama Zaina mgeni hasemi shida yake kabla ya kula, hiyo ni sheria niliyoijua tangu sokoni, na akasema, "Apana, apana, kula mbele." Nikaletewa wali na maharage, nikaletewa chai ya tangawizi. Nilikula huku macho yakizunguka. Mlango wa duka ulikuwa wazi. Rafu zilikuwa tupu, kasoro vipande vya sabuni na taa moja isiyo na kioo. Kutoka chumbani nilisikia mtu akikohoa, kikohozi cha muda mrefu, na Mama Zaina akaniambia mume wake haamki siku hizi. Nilikula yote ili nisiseme.

Mwisho sahani ikawa tupu.

"Mama," nikasema, "mosala yangu iko wapi?"

Uso wake ukang'aa. "Aa! Umefuata ile? Ungengojea tu. Subiri." Akaingia ndani, akatoka na kitu kimekunjwa, amekifunga kwa kamba. Akakifungua mbele yangu. Mkeka mdogo, mwembamba, wa urefu wa mtu, rangi ya ukindu na mistari myekundu, umeshonwa vizuri mpaka huoni mahali ukili mmoja unapokutana na mwingine.

"Njo hii."

"Njo nini?"

"Musala yako. Ile ukili yako ya sokoni. Nimeishona mwenyewe. Nilimwambia yule mama wa basoda: mwambie Bolumbu, musala yake imekwisha, iko hapa kwangu, nikipata mutu nitaituma."

Nilimtazama. Akanitazama.

"Mosala, Mama," nikasema polepole. "Kazi. Kazi iko wapi?"

"Kazi gani, mwanangu?"

Nikaelewa. Mbele yangu, mtoto wa kambi, sokoni alikuwa akiuita mkeka tu. Lakini kwa Waislamu mkeka wa kusalia una jina lake, nao ni musala. Mama Eyenga alisikia musala, akasikia mosala, akanibebea kazi kutoka Luena kama alivyobeba beseni lake. Na ile "imekwisha" ilimsumbua, akairekebisha kwa huruma: imekwisha kutengenezwa. Hakusema uongo hata neno moja. Hakuna wa kumshtaki.

Nilipomweleza Mama Zaina, alijishika mdomo. Chumbani mgonjwa alikuwa amesikia yote, na yeye ndiye wa kwanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata na mke wake akakimbilia maji. Mnaniuliza kama na mimi nilicheka. Nililia. Nililia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto aliyenyang'anywa, mpaka majirani wakachungulia juu ya ua wakidhani mgonjwa amekufa. Nililia kwa mashine ya kusaga niliyoitukana, kwa mama aliyebaki na binti yangu akimwambia mama yako amepata kazi, kwa huyo mwanamke mnene wa kwenye kiti changu ambaye hata hakuwepo.

Mama Zaina aliningoja nimalize. Hakunibembeleza.

"Kazi sina ya kukupa," akasema. "Ingekuwepo, ningekupa. Duka umeiona. Mimi si patro wa kuandika watu kazi."

"Sasa Mama ulinitumia habari ya nini? Mukeka tu?"

"Kwetu musala ya kwanza ya mwanafunzi haiuzishwi. Inarudia mikono iliyoisuka. Ningeiuza ningekula haramu."

Luena, tukingoja treni

Treni ya kurudi, mmeshajua, ilikuwa inakuja kesho.

Sikuwa na pa kwenda, nikabaki. Asubuhi niliona jinsi ile nyumba inavyokula. Mama Zaina alikaa uani na sindano ndefu ya chuma na kushona ukili, na watu walikuja. Mwislamu alitaka wa kusalia. Wengine walitaka wa kulazia mtoto, au wa kukalia matangani, maana msiba ukitokea watu ni wengi na viti ni vichache. Wachuuzi wa treni walichukua kwenda kuuza mbele. Alikuwa hana akiba hata ya mmoja. Vidole vyake vimevimba kwenye viungo, ukili anasuka polepole, anaumia. Nikachukua majani nikaanza kumsukia bila kuombwa, kwa sababu siwezi kukaa mikono mitupu nikiwa na hofu, na nilikuwa na hofu tele.

Mama Zaina aliupima ukili wangu kwa vidole.

"Kusuka unajua kuliko mimi," akasema. "Kushona haujui. Mutu anasuka tu, anasukia wengine maisha yote. Kaa hapa karibu. Treni ikichelewa, utajua."

Basi nikajifunza. Kushona mkeka ni kuficha: uzi unapita ndani ya mikunjo ya ukili mmoja na kuingia mwingine, usionekane juu wala chini, na usivute sana, ukivuta unajikunja kama jani kavu. Wa kwanza nilivuta. Akaufumua wote. Wa pili nilivuta kidogo. Akaufumua nusu. Alinitukana kwa upole wa Kimaniema ambao unauma kuliko wetu. Na kila mtu alipopita akisema treni imeonekana Lubudi, inakuja, moyo wangu ulishtuka vingine kabisa. Mimi, niliyelala sakafuni Kamina nikiomba treni ifike, nilikuwa nimekaa Luena nikiomba ichelewe.

Ilichelewa. Sijawahi kuishukuru reli, lakini hapo niliishukuru.

Siku ya kuondoka Mama Ngoie alikuja kuniaga stesheni. Mlango ulikuwa umeshafungwa kwenye jiko la kaka yake, akaniambia, jiko ambalo halikuwahi kuwa na mlango, na sasa wake za kaka wote wanataka kupika humo. Yeye ndiye anayekaa na ufunguo.

"Na kazi?" akauliza.

Nikamfungulia musala wangu, nikamweleza. Hakucheka. Aliupapasa, akaugeuza chini, akatafuta uzi asiuone.

"Nisukie minyi moja," akasema. "Mukubwa. Ya kuweka ndani, nyuma ya mulango. Utatuma na treni."

"Mama Ngoie, unanionea huruma."

"Huruma ya nini? Chini iko baridi."

Kurudi

Kurudi nafupisha. Kichwa cha treni hakikufa, kiliugua tu. Bukama tulisimama kutwa, na pale kando ya mto nilimpata mwanamke anayekata ukindu mbichi, nikachukua mzigo mkubwa kuliko akili yangu, nikiwaza njia nzima kwamba utaoza, utaibwa, utaniaibisha. Askari walipanda. Kati yao yule yule aliyeniita leki, dada mdogo.

"Ah, leki! Nini hiyo?"

"Mosala na ngai," nikamwambia. Kazi yangu.

Akauinua mzigo wa majani, akautazama musala, akatikisa kichwa. "Mosala nini?" Akaurudisha. Majani hayaibwi na mtu, kumbe hiyo ndiyo faida yake.

Kwenye mstari

Sasa sehemu hii hamjaisikia, isipokuwa waliokuwepo.

Nilipofika nyumbani mama aliniuliza jambo moja tu: unaanza lini? Nikamwambia nimeshaanza. Akatazama majani yaliyojaa nyumba, akatafuta pa kupita. Nilisuka. Musala wa kwanza nimeutundika ukutani, hauuzwi, na hapa kambini hakuna anayeusalia. Oda ilikuwa moja, ya mwanamke mwenye mlango. Binti yangu anakula kila siku, hali kwa oda.

Kisha tajiri wa mashine akatuma mtu. Wawili walikuwa wamemkimbia, mahindi yanajaa, amesahau maneno yangu, nije kesho asubuhi kama wengine. Sitawadanganya: nilikwenda. Nilikwenda nimeamua kurudi. Niliamka mapema kuliko wote, nikapanga mstari mahali pangu pa zamani karibu na nguzo, na mliokuwepo mlinicheka: Bolumbu, kidole kilitoka mu mufuko?

Na kwa kuwa nilikuwa naogopa, nilikuwa nimebeba ukili wa Mama Ngoie. Nilisuka nikiwa nimesimama. Kusuka si kama kufua, huwezi kuacha popote: ukifika katikati ya mkunjo ukaachia, majani yanaachana na unarudia mbali.

Tajiri akatoka na chai yake. Weye. Weye. Weye apana. Nilisikia sauti yake inakaribia, vidole vyangu vikazidi mbio, jani jekundu juu, jeupe chini. Akafika mbele yangu. Kidole kikasimama.

"Na weye. Leo, ndiyo."

Hakuwahi kuniambia ndiyo mapema hivyo.

"Ngoja kidogo, patro," nikasema. "Nimalize mukunjo."

Nikamaliza. Nilikaza, nikalaza jani, nikabana mwisho kwa kidole gumba ili usifumuke. Nilipoinua macho, kidole chake kilikuwa kimeshanipita, kiko kwa mwanamke wa pili, kinasema weye. Ningeweza kumwita. Nikachukua jani jingine.

Sikumwita.